Mbegu za Zabibu

Mwanaheri na Zuhura, wanangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini sufuria ya shaba nimewaachia bila sharti, hali mimi mwenyewe nilipewa kwa sharti. Kila mlipouliza nilikuwa nikiwajibu mshike njiti mpige mayai. Sasa kazi nimeiacha. Tangu mfungo mosi uliopita, mwezi wa arusi baada ya Ramadhani, mkono wangu wa kulia umekataa. Nikipiga mayai ishirini tu, kiganja huvimba hadi kesho yake. Kalamu ni nyepesi kuliko njiti, ingawa herufi nilijifunza ukubwani na zangu zote zina vichwa vikubwa. Basi someni polepole.

Naitwa Faida. Hilo silo jina ambalo mama humpa mwanawe. Ni jina alilopewa mtoto na watu waliokuwa wakimmiliki. Nilizaliwa ua wa nyuma wa nyumba ya Bi Rukia, huku kwetu Shella ya Malindi, na mama yangu alifariki nikiwa sijabadili meno. Bi Rukia alikuwa bibi yangu kwa maana ya zamani ya neno hilo. Ndiye pia aliyenifunza kazi, na kama kuna mwanamke aliyemzidi kwa mkate wa mayai kutoka hapa mpaka Kilifi, mimi sijamwona. Mkitaka kunielewa, yachukueni yote mawili pamoja. Nilimpenda na nilimchukia, na siku nyingine nilifanya yote mawili kabla ya adhuhuri.

Siku yangu ya kwanza jikoni nilipewa mayai arobaini. Niliyavunja moja baada ya jingine moja kwa moja ndani ya bakuli, nikijiona fundi, na la thelathini na tisa likawa viza. Bi Rukia alikuja akanusa. Hakunipiga. Alinipa kikapu kitupu akasema, "Nenda nyumba kwa nyumba, omba yai moja moja, na kila mlango useme kwa nini waomba." Nilirudi alasiri miguu ikiniwaka, nikiwa nimejua kuku wa nani wanataga na nani huficha mayai yake chini ya kitanda. Tangu siku ile kila yai hulivunjia kwanza katika kifuu, nikalinusa, ndipo likaingia kwa wenzake. Mnanicheka kwa hilo. Chekeni, lakini vunjieni kwenye kifuu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Njiti za makuti zilizofungwa pamoja kwa ukindu, za kupigia mayai na sukari. Hupigwa mpaka ukichora mstari juu ya povu, mstari ukae usifunike. Upawa wa kuchotea. Unga wa ngano uliotoka Bombei, ambao huchekechwa mara tatu, mara ya kwanza kwa ajili ya wadudu na mbili zilizobaki kwa ajili ya hewa. Na sufuria ya shaba, pana, yenye kifuniko kilichoinuka ukingo ili makaa yakae juu yake. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mkubwa. Bi Rukia hakuwa na saa. Alikuwa akikaa kwenye baraza ya mbele akizungumza na wageni, na harufu ikimfikia pale, huinuka katikati ya maneno ya mtu na kuja kutoa makaa. Wageni walikuwa wakimsamehe kwa sababu mkate wenyewe waliutarajia.

Mwenzangu jikoni alikuwa Subira, naye mzalia wa nyumba ile kama mimi, mkubwa wangu kwa miaka mitatu minne. Kazi yake ilikuwa zabibu. Zabibu zilizokuja wakati ule kutoka Maskati zilikuwa na mbegu, na mkate wa arusi hauwezi kuwa na mbegu. Subira alikuwa akikaa kwenye mkeka na mabakuli mawili na mwiba wa mlimau. Huitoboa zabibu moja, huikamua, hutoa mbegu mbili au tatu, kisha huibonyeza irudi umbo lake. Bakuli zima kabla ya adhuhuri. Vidole vilikuwa vikimnata, nzi wakimzonga usoni, naye hana mkono msafi wa kuwafukuza. Na mgeni mmoja akiuma mbegu arusini, siku ya pili yake Subira hapati chakula cha mchana.

Aliwahi kuzipanda mbegu zile. Alizifukia nyuma ya jiko, akazimwagia maji ya kuoshea vyombo mwezi mzima, akaniahidi kwamba mzabibu ukizaa tutakula mimi na yeye zenye mbegu zake zote, tuzitafune. Paliota mchicha. Subira aliukata akaupika, akasema, "Haya, nimejua. Hazioti Malindi."

Sasa niwaeleze nakshi, kwa maana ndipo mambo yote yalipofungikia. Chini ya sufuria hutandikwa jani la mgomba lililopakwa samli na kunyunyizwa sukari. Juu ya jani hupangwa zabibu, moja moja, mpaka litokee ua la petali nane, na baina ya petali hutiwa vipande vya lozi. Kisha rojo humiminwa taratibu juu ya mgongo wa upawa ili zabibu zisihame. Mkate ukiiva, hupinduliwa juu ya sinia, jani hubanduliwa, na kile kilichokuwa chini kinakuwa juu. Mkate mtupu, usio na nakshi, hupinduliwa mara mbili, ili uso wake uliobabuka kwa moto wa juu ndio utazamane na watu.

Bi Rukia hakuupindua mkate kwake. Aliupeleka arusini ndani ya sufuria, umefunikwa kwa kawa, na kuupindua mbele ya wanawake wote wa pande mbili, asije mtu akasema umevunjika njiani ukaungwa. Wanawake walikuwa wakinyamaza. Hata waliokuwa wakisutana walinyamaza. Kisha jani likibanduliwa, vigelegele.

Na sharti lake lilikuwa hili: nakshi ni ya mwana wa watu. Maana yake ni binti wa waungwana. Binti wa mtumwa, hata akiolewa kwa mbuzi watatu, mkate wake ni mtupu. Kwa hiyo mtu aliyeingia arusini hakuwa na haja ya kuuliza bibi arusi ni nani. Alitazama sinia.

Subira alipoolewa, Bi Rukia hakumfanyia uchoyo. Alitoa mchele, alitoa mbuzi, alimpa leso mpya doti mbili. Mayai ya mkate nilipiga mimi. Mkate ulipinduliwa mara mbili. Subira aliutazama sana, kama mtu aliyeangusha kitu akakitafuta kwa macho, kisha akakata kipande chake akala. Wakati ule sikuwa na kinywa.

Baadaye serikali ikaondoa utumwa, amri ikasomwa, na watu wakatawanyika, wengine mashambani, wengine wakabaki walipokuwa kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Mimi nilikwenda kumuaga Bi Rukia. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliniuliza nitakula nini. Nikamwambia nitapika mikate. Akaniita jikoni akaishika sufuria ya shaba kwa mikono miwili.

"Mimi sioni tena kupanga zabibu," alisema. "Chukua. Lakini sufuria hii ikitoka, sharti langu litoke nayo."

"Nimekubali, Bibi."

"Apa."

Nikaapa. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huapa upesi.

Miaka mingi nilikaa vizuri. Nilipanga chumba nyuma ya msikiti, nikawa na jiko langu, na nyumba za waungwana zikaniagiza kwa sababu walijua mkono umetoka wapi. Mayai nilikuwa nikiletewa na mama mmoja wa Vitengeni, ndani ya pumba za mtama, na katika safari zote hizo sikumbuki hata moja lililofika limepasuka. Kila mfungo mosi ulipoingia sikuwa na pumzi. Waliokuwa watumwa zamani waliniagiza pia, nami nikawapikia mkate mtupu, nikapindua mara mbili, nikakaza uso. Nilijiambia kwamba ladha ni ile ile.

Ndipo siku moja Subira akaja. Alikuwa akiishi Gede na mumewe, wakilima, na binti yao Saada alikuwa amechumbiwa na seremala wa Mambrui. Arusi itakuwa Malindi, kwa shangazi wa bwana arusi. Aliketi kwenye mlango wa jiko langu, akaitazama ile sufuria.

"Faida, nataka mkate wa nakshi."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Subira, wajua nimeapa."

"Najua."

"Na Bi Rukia atakuwepo. Umemwalika mwenyewe."

"Nimemwalika kwa sababu alinilea. Sina ninachomficha, wala wakwe zangu hawana wasichokijua. Seremala ajua mama mkwe wake alikuwa nani." Akaninyoshea vidole vyake. "Faida, miaka mingapi nimetoa mbegu? Maharusi wangapi wa mji huu wamepambwa kwa zabibu zangu? Mimi zangu sikuziona. Sawa, nimenyamaza. Lakini mwanangu aketi mbele ya watu na mkate mtupu, watu watazame sinia waseme aha? Huyu hajatumikia mtu hata siku moja."

Nilimkatalia. Naandika neno hili kwa sababu mnapenda kunisifu, na ningependa mjue mnamsifu nani. Nilimwambia nyumba za waungwana zitaniacha, nilimwambia kiapo ni kiapo, nilimwambia mambo mengi yenye maana. Subira alisikiliza yote, akajipangusa vumbi miguuni, akasema, "Basi nipikie mtupu. Sitampa mtu mwingine kazi nawe ungali hai." Akaenda zake. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Siku ya pili alimtuma mtu na kikapu kidogo cha zabibu. Zilikuwa zimetolewa mbegu, kila moja imerudishwa umbo lake. Zilitosha petali nane. Hakutuma na neno lolote.

Asubuhi ya arusi nilitandika jani la mgomba, nikakaa nikilitazama mpaka samli ikaganda. Kisha nikapanga ua. Nilijidanganya kwamba sijakata shauri. Nitafika pale, na nikiona moyo umenishinda, nitaupindua mara mbili, ua likae chini, na hakuna atakayejua mpaka kisu kipite. Nilibeba sinia mbili. Njia nzima sikuwa nikijua nitafanya nini, na mkate ulipokuwa motoni nilikuwa nimemwomba Mungu makaa yauunguze ili jambo liishe lenyewe. Haukuungua. Sijapata kupika mzuri kama ule.

Chumba kilijaa. Saada alikuwa ameketi kwenye kiti, hina imemkolea, macho chini. Bi Rukia alikuwa mbele kabisa juu ya mto, kwa maana Subira alimweka hapo kwa heshima. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Faida. Nasikia harufu. Umeutoa kwa wakati."

Maneno yale yalinifurahisha, na furaha ile ikanitia hasira. Nikaweka sinia juu ya mdomo wa sufuria, nikapindua. Nikainua sufuria. Nikabandua jani. Wanawake wakaona ua, na badala ya vigelegele pakawa kimya. Sinia ya pili ilikuwa mkononi mwangu bado. Nilimtazama Subira. Alikuwa amefunga kinywa kwa leso.

Nikaiweka sinia ya pili chini, sakafuni, nyuma yangu.

Shangazi wa bwana arusi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, mama mnene aliyehamia kutoka Mambrui, asiyejua ugomvi wetu, na wengine wakamfuata, baadhi yao. Wawili kati ya waungwana waliinuka wakashika viatu vyao. Bi Rukia hakuinuka. Alinyosha mkono, akaupapasa mkate, vidole vikatembea juu ya zabibu.

"Petali nane," alisema.

"Naam, Bibi."

"Sharti langu lilikuwaje?"

"Nakshi ni ya mwana wa watu."

"Na huyu ni mwana wa nani?"

Aliyejibu alikuwa nyuma yangu. "Ni mwanangu mimi, Bibi. Mimi Subira."

Bi Rukia aligeuza uso kuelekea sauti. "Nakujua," alisema. Akatafuta fimbo yake. Alipofika mlangoni aliniambia bila kugeuka, "Faida, kesho uniletee sufuria yangu."

Niliipeleka. Niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kuliko nilivyopewa, nikaiweka mlangoni kwake kama mtu anayerudisha maiti. Kabla ya wiki kwisha, arusi tatu nilizokuwa nimeagizwa zilikatwa, kila moja kwa udhuru wa adabu sana. Nililia. Sikulia kwa kujuta, nililia kwa sababu sikujua kazi nyingine.

Nilipochoka kulia nilikwenda kwa Fundi Esmailji, Mhindi aliyekuwa akifua bati karibu na soko, mtu wa miwani na maneno machache. Nilimwomba anitengenezee sufuria kubwa kwa bati za madebe.

"Haifai, Bi Faida," alisema. "Bati kubwa ukiitia makaa juu, itajikunja. Ndogo haijikunji." Akaokota kibatari alichokuwa akikifua, akanionyesha kitako chake. "Kama hii haitajikunja kamwe."

Nikakiangalia kile kitako. Kilikuwa na upana wa kiganja. Nikamwambia, "Nifulie ishirini na nne, bila tundu la utambi."

"Unataka kuwasha nini?"

"Nataka kupika mikate."

Alinitazama juu ya miwani, akaona sina homa, akafua. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vikeki mnavyovipika nyinyi leo mkidhani vilikuwepo tangu dunia. Nilivipanga vibati ndani ya karai lenye mchanga, juu nikafunika bamba la bati lenye makaa. Mara ya kwanza vilinuka mafuta ya taa, na mgeni mmoja alichukua chake akaniuliza kama akile au akiwashe. Basi msisahau: vibati vipya huchemshwa na majivu mara mbili, kisha huokwa vitupu, ndipo vitiwe samli. Na moto wa vikeki ni mfupi. Ukikaa kuzungumza barazani kama Bi Rukia utavikuta vimekuwa makaa.

Juu ya kila kikeki nilitia zabibu moja katikati na vipande vitano vya lozi pembeni. Kila mtu alipata ua lake zima, bibi arusi na mtwangaji pia. Wakati huo watu wengi waliokuwa watumwa walikuwa wakioa na kuoza kwa mara ya kwanza kwa matakwa yao wenyewe, nao walikuja kwangu mmoja mmoja, kisha makundi. Wengine walinikalisha wakanieleza maua wayatakayo kwa kirefu kuliko walivyonieleza habari za bwana arusi. Nilifanya kazi kwa bidii ambayo sijapata kuwa nayo, wala sikumkataa mtu. Mwisho watoto wa waungwana nao wakaanza kuwalilia mama zao wataka vikeki, na mama zao wakaanza kunitumia salamu.

Miaka mitatu Bi Rukia hakunisemesha. Kisha siku moja mjukuu wake akaja na ile sufuria juu ya kichwa. Arusi ni yake, bibi yake ameniita.

Nilikwenda nikiwa nimejitayarisha kwa maneno makali, maana nilikuwa nimeyapanga miaka mitatu. Nilipitia ua wa nyuma, kwa mazoea, nikaingia jikoni. Bi Rukia alikuwa ameketi kwenye mkeka, mabakuli mawili mbele yake, na mwiba wa mlimau mkononi. Alikuwa akitoa mbegu za zabibu. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa; alikuwa akizitafuta kwa ncha za vidole, na damu kidogo ilikuwa imemtoka alipojichoma. Katika bakuli la pili hazikuzidi thelathini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Keti." Aliendelea kuikamua iliyokuwa mkononi. "Mabinti wa nyumba hii nimewapa kazi hii jana, wakaikimbia. Nimeanza alfajiri."

Nikaketi ukingoni mwa mkeka.

"Mbegu zenyewe ndogo, Faida. Sikujua kama ni ndogo hivi."

Maneno yangu makali yote yalinitoroka, likabaki moja. "Subira alikuwa akimaliza bakuli zima kabla ya adhuhuri. Na ikibaki moja, Bibi, ulikuwa ukimnyima chakula."

Mkono wake ulisimama. "Nakumbuka," alisema. Nilingoja aseme zaidi. Aliinua zabibu nyingine akaitafuta tundu. Baada ya muda mrefu akasema, "Mwalike yeye pia. Aketi mbele. Na sufuria usiirudishe tena, wala sharti usinikumbushe."

Nilikaa naye mpaka alipomaliza. Nilinyosha mkono mara mbili nimsaidie, na mara zote mbili aliusukuma. Zilimchukua siku nzima.

Nilipopanga ua juu ya jani nilizipitia kwa kidole, kama nilivyofunzwa. Nne zilikuwa na mbegu bado. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuchukua mwiba, nikaurudisha. Nimepika miaka yote hii, na hilo ndilo kosa pekee nililoliona nikaliacha makusudi.

Arusini Subira aliketi mbele, pembeni mwa Bi Rukia. Nilipindua mara moja, ua likatoka, vigelegele vikajaa nyumba. Mkate ulikatwa, nami mwenyewe nikampelekea Subira kipande chake. Alikula polepole. Katikati ya kutafuna alisita. Akatoa kitu kinywani kwa vidole viwili, akakitazama kiganjani, kisha akanitazama mimi kwa macho ya kutisha, maana alidhani nimezeeka hata mbegu zanipita.

"Faida! Nani katoa mbegu hizi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Bi Rukia alikuwa ametazama mbele, mikono juu ya fimbo, na vidole vyake viwili vimefungwa kitambaa. Alikuwa amesikia. Hakugeuka, ila shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Subira alivitazama vile vidole kitambo kirefu. Kisha akashika pembe ya leso yake, akaiweka mbegu ndani, akaanza kufunga fundo.

Nilimwinamia nikamnong'oneza, "Hazioti Malindi. Umesahau?"

"Sijasahau," alisema, akilikaza fundo kwa meno. "Hii siipandi."